Ufuta mweusi katika kashata na vitindamlo: Yanayofaa kujulikana kabla ya kuuinjika motoni

MPISHI wa Kanja, katika Kaunti ya Embu, anayetaka kutengeneza kashata za ufuta mweusi ana mengi karibu naye. Asali hutoka nyanda za chini za Mbeere, makadamia huvunwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nayo sukari nguru si kitu kigeni. Kinachotoka mbali ni ufuta wenyewe.

Zao hili hupenda joto jingi na udongo usiotuamisha maji, hivyo halistahimili ubaridi unaofaa majani chai na kahawa. Nchini Kenya hulimwa zaidi Pwani, hasa Lamu, na pia magharibi, upande wa Busia. Nchi jirani ya Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani, na mikoa ya Lindi na Mtwara ndiyo yenye sifa kubwa kwa zao hili. Sehemu kubwa ya mavuno yake huuzwa Asia ikiwa ghafi.

Kwa hivyo mnunuzi wa mlimani aghalabu huiona mbegu hii ikiwa tayari imefungwa katika pakiti, mbali na shamba ilikokua. Hapo ndipo makosa huanzia.

Ufuta si habasoda

Wakenya na Waganda wengi huita zao hili simsim, ilhali Watanzania husema ufuta. Kitaalamu ni Sesamum indicum. Ufuta mweusi na mweupe ni mmea mmoja. Tofauti iliyo dhahiri ni rangi ya ganda. Ukiivunja punje nyeusi, utaona kiini chake ni cheupe.

Habasoda, inayouzwa pia kwa jina la mbegu nyeusi, ni mmea mwingine kabisa. Punje yake ina pembe na uso wa kukwaruza, na ikisagwa hutoa harufu kali mithili ya dawa. Punje ya ufuta ni bapa, laini, iliyochongoka upande mmoja kama tone la maji, na ikiwa mbichi haina harufu kubwa. Mtu akitia habasoda kiasi kile kile kinachohitajika cha ufuta, kashata zitakuwa chungu zisilike.

Aidha, kuna ufuta mweupe uliopakwa rangi. Loweka kijiko kimoja katika maji safi. Rangi hafifu kutoka kwenye ganda si jambo la ajabu, lakini maji yakigeuka meusi kama wino mara moja, utilie shaka. Vilevile, onja punje chache kabla ya kununua: zikiwa na ladha ya mafuta yaliyokaa sana, ziache. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na kuukaanga hakuwezi kuondoa ladha hiyo.

Zao la kale katika mwambao

Ufuta ni kati ya mazao ya mafuta ya kale zaidi duniani, na wataalamu wengi huamini kuwa ulianza kupandwa katika bara Hindi. Katika karne ya 19, mashamba ya Malindi na Lamu yaliulima kwa wingi kwa ajili ya kuuza ng'ambo, na wafanyabiashara Wafaransa walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa.

Kwa upande wa vyakula vitamu, Zanzibar na Pemba zinajulikana kwa kashata za ufuta. Kaskazini mwa Uganda, simsim huchanganywa na asali au sukari na kufinyangwa kuwa vidonge vya mviringo. Katika jimbo la Assam nchini India, ufuta mweusi na sukari nguru hutiwa ndani ya chapati nyembamba za unga wa mchele. Wachina huusaga na kuujaza katika vidonge vya mchele unaonata viitwavyo tangyuan, au huupika pamoja na mchele uliosagwa ukawa uji mtamu. Wajapani nao huutia katika aiskrimu.

Kukaanga

Osha ufuta, uchuje kwa chekecheke laini ili mchanga utoke, kisha uukaushe. Uweke katika kikaango kikavu, kwa moto wa wastani, ukikoroga bila kukoma.

Ugumu wa ufuta mweusi ni kwamba hauonyeshi unapoungua. Dawa yake ni rahisi: changanya na kijiko kimoja cha ufuta mweupe. Ule mweupe ukigeuka rangi ya dhahabu na punje zikaanza kurukaruka, epua na umimine kwenye sinia papo hapo. Kikaango huendelea kuwa na moto hata baada ya kuepuliwa.

Kashata

Chukua gramu 200 za ufuta uliokaangwa, gramu 200 za sukari, robo kikombe cha maji, kijiko kidogo cha maji ya limau na nusu kijiko kidogo cha iliki. Chemsha sukari, maji na limau bila kukoroga. Dondosha tone la shira katika maji baridi. Likiganda na kuvunjika kwa mlio, shira imeiva.

Wenye kutumia kipimajoto wakumbuke kuwa katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwa takriban nyuzi 95 za Selsiasi. Vipimo vya vitabu vingi ni vya usawa wa bahari, hivyo vipunguzwe kwa nyuzi kama tano. La sivyo, shira itaungua. Tone katika maji baridi halina haja ya hesabu hiyo.

Epua, tia ufuta na iliki, changanya upesi, kisha mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta. Sukuma ziwe bapa na uzikate zikiwa bado na joto, kwani zikipoa zitavunjika ovyo. Zihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa, hasa msimu wa ukungu wa Julai, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu.

Kwa keki, maziwa mazito au aiskrimu, saga ufuta uliokaangwa na kupoa pamoja na sukari mpaka ulainike. Makadamia yaliyosagwa hupunguza uchungu kidogo wa ganda. Saga kiasi cha kutumia karibuni, kwani uliosagwa huharibika haraka kuliko punje nzima.

Tahadhari

Ufuta usiomenywa una karibu miligramu 1,000 za kalsiamu kwa gramu 100, lakini sehemu kubwa imeshikamana na kemikali za ganda na mwili hauifaidi yote. Kashata, kwa hivyo, ibaki kuwa kitu cha kujiburudisha wala isichukuliwe kuwa dawa.

Isitoshe, ufuta unaweza kuleta mzio mkali unaohatarisha maisha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuuweka miongoni mwa vyakula vikuu vinavyosababisha mzio, na tangu Januari 1, 2023 lazima utajwe kwenye pakiti. Anayeuza kashata au keki sokoni ana wajibu wa kutaja kuwa zina ufuta, hasa pale uliposagwa na kutoonekana kwa macho.

Hatimaye, kashata ngumu zinaweza kuwakaba watoto wadogo. Nao wasiotimiza mwaka mmoja wasipewe chochote chenye asali, hata kiwe kimepikwa, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha sumu mwilini mwao.