DAFTARI LA SHULE NI LA NANI?

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya historia ya kumbukumbu za shule, kwa kuwa anajua kwamba tangu mwaka 1976 hadi nilipostaafu mwaka 2017 kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, kwanza karani, mwisho Afisa Elimu wa Takwimu katika wilaya. Lakini ukweli ni kwamba makala hii imezaliwa na ubishi.

Mwaka jana Kamati yetu ya Wanafunzi wa Zamani ilimwandikia Mkuu wa Shule, ikaomba iazimwe madaftari yote ya kuandikisha wanafunzi, ili majina yetu, vijiji tulikotoka, majina ya wazazi na maksi tulizoingia nazo vichapwe katika kurasa za nyuma za gazeti hili. Mkuu wa Shule akajibu kwa adabu kabisa kuwa hawezi kuyatoa. Tukakasirika. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono kikaoni na kusema kuwa kijana yule ametuvunjia heshima wazee wake. Je, majina hayo si yetu? Wenzangu wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani nikakumbuka mambo niliyoyafanya kwa mkono wangu katika ofisi za elimu, nikaona haya. Basi nieleze tangu mwanzo, na wadogo zetu mlioko madarasani msikilize, maana ninyi mna namba katika kompyuta tangu mlipoanza shule ya msingi, nasi hatukuwa nazo.

Mnajua kwamba hapo zamani shule nyingi za nchi hii hazikuwa za Serikali. Wamisionari walikuwa na zao, serikali za wenyeji zilikuwa na zao, jumuiya za Wahindi zilikuwa na zao, na kila mmoja alikuwa na daftari lake na namna yake ya kuandika. Tangu Januari 1962 ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa kwa sheria, na kwa Sheria ya Elimu ya 1969 Serikali ikachukua shule za mashirika. Watu wengi wanakumbuka majengo na walimu waliochukuliwa. Wachache wanakumbuka makabati. Shule nyingine zilikabidhiwa na madaftari yake yote, nyingine zilibakiza vitabu kwa paroko. Kwa miaka mingi baadaye nilikuwa nikipokea watu wazima waliotumwa na waajiri wao watafute ushahidi wa tarehe ya kuzaliwa, nami nawatuma parokiani, na parokia inawarudisha kwangu.

Mitihani nayo ilikuwa na safari yake. Kwanza ilitoka Cambridge, kisha ikaja kwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na kwa Sheria Na. 21 ya 1973 likaundwa Baraza letu la Mitihani la Tanzania. Sisi tuliomaliza Kidato cha Nne mwaka 1975 tulikuwa miongoni mwa wa mwanzo mwanzo kutahiniwa na Baraza hilo, na tulijivunia sana jambo hilo.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona mwenyewe. Novemba 1974 chama cha TANU kilipokutana Musoma kiliamua mambo mawili yaliyogusa sana makabati yetu. La kwanza ni kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977, ingawa mpango wa awali ulikuwa mwaka 1989. La pili ni kwamba mtihani wa mwisho peke yake usiamue maisha ya kijana, bali kazi yake ya kila siku, tabia yake na moyo wake wa kazi vihesabiwe pia. Tangu mwaka 1976 walimu wakaanza kuweka maendeleo ya mwanafunzi katika fomu. Aliyetaka kwenda Chuo Kikuu ikampasa kwanza afanye kazi, kisha aje na maneno mazuri kutoka kwa mwajiri na kutoka tawi la Chama.

Nia ilikuwa njema, nami nasema hivyo bila kuona aibu. Lakini tazameni lilivyo jambo lenyewe: mtu anaandika neno juu yako, neno hilo linakwenda kwenye jalada, jalada linafungwa kabatini, na wewe huruhusiwi kulisoma. Niliwahi kuona fomu ya kijana mmoja imeandikwa “mkaidi” kwa wino mwekundu, na hakuna zaidi. Mkaidi kwa nani? Kwa lipi? Mwalimu aliyeandika alikuwa amehamishwa mkoa mwingine. Mimi karani wa miaka kumi na tisa nilikuwa na ufunguo wa kabati lile, ningeweza kumwambia shangazi yangu jioni, wala hakuna kanuni niliyopewa ya kunikataza. Niliambiwa tu, “Tunza ufunguo.”

Kuhusu kuandikisha watoto wote, kazi ile ilikuwa kubwa na ilifanyika. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango, anahesabu watoto, mwalimu anaandika, wilaya inajumlisha, mkoa unajumlisha. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikaja kuwabana wazazi wampeleke mtoto shule afikapo miaka saba. Hata hivyo tarakimu katika siku zile ilikuwa ni utii. Hakuna Mwalimu Mkuu aliyetaka kuleta asilimia ndogo. Tulipokea karatasi ambazo idadi ya watoto walioandikishwa ilizidi idadi ya watoto waliokuwapo kijijini, nasi tulizijumlisha hivyo hivyo na kuzipiga chapa nakala nne kwa karatasi za kaboni. Kurekebisha hakukuwa kazi ya mtu yeyote. Kwa nini nimtaje mwalimu peke yake? Aliyejumlisha ni mimi.

Lakini dhambi iliyonikosesha usingizi ni nyingine. Watoto wa mwaka 1977 walipofika Darasa la Saba katikati ya miaka ya themanini, nafasi za sekondari za Serikali zilikuwa chache mno. Katika kila watoto 100 waliomaliza hawakufika 10 waliochaguliwa kuingia humo. Kurudia Darasa la Saba kulikatazwa. Basi watu wakabuni njia. Mtoto aliyeshindwa alihamia shule nyingine, akaingia Darasa la Sita au la Saba kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Daftari halikuonyesha pengo lolote. Jina ni lile lile, mahudhurio yanaendelea, ila uso umebadilika. Tuliita kurithi jina, kama kwamba kuna marehemu.

Mwaka mmoja orodha ya waliochaguliwa ilipita mezani kwangu, nikaona jina la kijana wa kijiji jirani na kwetu. Nilimjua. Alikuwa ameacha shule Darasa la Tano akachunge ng’ombe baada ya baba yake kuugua. Nikajua mara moja kuwa mwingine anasomea jina lake, na nikamjua hata huyo mwingine, mtoto wa mtu aliyekuwa akinisalimu kwa heshima. Nikatia sahihi kuwa nimehakiki. Nilijiambia kuwa nafasi isipotee bure, na kuwa mchunga ng’ombe hatadhurika.

Alidhurika. Miaka kadhaa baadaye alifika ofisini akiwa amevaa shati la kuazima, anataka cheti cha kuwa alisoma hadi Darasa la Tano, apate kujiunga na masomo ya watu wazima na kisha kibarua cha ulinzi. Nikafungua daftari. Kwa mujibu wa daftari la Serikali, yeye alikwisha kumaliza Darasa la Saba, amefaulu, na yuko sekondari. Akaniuliza, “Sasa kaka, mimi ni nani?” Nilimpa barua ya kufungafunga maneno, akaenda zake. Yule aliyerithi naye hakustarehe. Alipokaribia kustaafu alizunguka na viapo mahakamani kuthibitisha kuwa mtu wa kwenye vyeti na mtu aliyezaliwa na mama yake ni mmoja. Wote wawili wako hai, kwa hiyo sitasema zaidi.

Miaka ya baadaye nitaipita upesi. Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002, baada ya ada za shule za msingi kufutwa, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 4.8 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004, na kila mwanafunzi akapangiwa ruzuku yenye thamani ya dola 10 kwa mwaka. Hapo tarakimu ikaacha kuwa utii ikawa fedha. Ilipofika Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza na Serikali ikawa inapeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi, mambo yakafika ukingoni: uhakiki wa mwaka huo ulitaja wanafunzi hewa zaidi ya 65,000 nchi nzima, wengi wao, zaidi ya 52,000, wakiwa katika shule za msingi. Magazeti yaliandika kama jambo geni. Sisi wa takwimu tuliwajua wanafunzi hewa tangu siku za kaboni. Tofauti ni kwamba zamani walikuwa hawalipwi.

Nilikuwamo katika uhakiki ule, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Tulikwenda darasani na daftari mkononi, tunaita jina, mtoto anasimama. Kazi rahisi namna hiyo ilikuwa haijafanywa kwa miaka. Nikajifunza siku ile kwamba makosa yetu hayakutokana na ukosefu wa kompyuta. Yalitokana na kutojulikana nani anawajibika: mwalimu anaandika lakini haambiwi atumie vipi, wilaya inajumlisha lakini haihakiki, Wizara na TAMISEMI kila mmoja ana fomu yake, Baraza la Mitihani lina orodha yake, na orodha tatu za shule moja zinatoa majibu matatu. Mwalimu Mkuu mmoja alinionyesha mezani kwake fomu za ofisi nne tofauti, zote zinauliza idadi ya wasichana wa Darasa la Nne.

Siku hizi mambo yamebadilika kwa kiasi. Baraza la Mitihani lina mfumo wa kompyuta unaompa mtoto wa shule ya msingi namba inayomfuata akihama, hivyo kurithi jina si rahisi kama zamani. Na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, anayekusanya habari za mtu lazima aseme anazikusanya kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, azilinde, na mwenyewe ana haki ya kuziona na kudai zisahihishwe. Iko na Tume ya kupokea malalamiko. Kabla yake, tangu mwaka 2002, kulikuwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, ambayo nakiri niliisoma mara moja tu, katika semina yenye chakula kizuri.

Basi turudi kwa Mkuu wa Shule. Daftari tulilolitaka lina maksi za watu walioingia kwa shida. Lina majina ya wazazi wasiojulikana, yaliyoachwa mstari mtupu. Lina safu ya “sababu za kuondoka”, na humo, kwa mwandiko mzuri wa walimu wetu, mmeandikwa mambo ambayo baadhi yenu hamjawaambia hata wake zenu. Tulitoa habari zile tupate kusoma. Hakuna aliyezitoa zichapwe gazetini miaka hamsini baadaye, na mimi niliyenyosha mkono sikuwa nimewauliza.

Nilirudi kwenye Kamati nikaomba radhi, jambo lililowachekesha wengi. Tumekubaliana hivi: kila mmoja atajaza mwenyewe karatasi iliyo mwishoni mwa toleo hili, aandike anachopenda kijulikane, na asiyependa asiandike. Katibu ndiye atakayezitunza karatasi hizo, na jina lake peke yake ndilo litakaloulizwa zikipotea. Mkuu wa Shule naye amekubali kuwa yeyote kati yetu anaweza kufika ofisini na kitambulisho chake, akaonyeshwa mstari wake, mistari mingine ikiwa imefunikwa kwa karatasi.

Nimekwenda. Karani wa shule, binti mdogo sana, alifunika ukurasa juu na chini kwa jalada la manila, akaniachia mstari mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ni sahihi, kijiji ni sahihi, lakini jina la marehemu baba limekosewa herufi moja tangu siku niliyoandikishwa. Nilimwomba kalamu nisahihishe. Akanitazama, akasema, “Hapana, babu, huo mstari haurekebishwi kwa kalamu,” akanipa fomu ya kujaza na kunieleza niambatanishe kiapo. Nitaileta nikija kwenye mkutano wa Desemba.