Wa picha na wa maneno: Hisabati inaingiaje kichwani?

Swali moja la Hisabati likiandikwa ubaoni Bukoba au Muleba, wanafunzi wawili wanaweza kulianza kwa njia tofauti kabisa. Mfano huu:

Shamba la migomba la mstatili lina mzingo wa mita 50. Urefu umezidi upana kwa mita 5. Upana ni mita ngapi?

Wa picha
Anachora shamba, anakata zile mita 5 za ziada kwenye pande mbili ndefu. Zinabaki mita 40 kwa pande 4 zinazolingana. Jibu: mita 10.

Wa maneno
Upana anauita x. Anaandika 2x + 2(x + 5) = 50, anapata 4x = 40. Jibu ni lilelile, mita 10.

Watafiti wanasemaje?
Vadim Krutetskii, mwanasaikolojia wa Kisovieti ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1976, aliona aina tatu za wanafunzi wenye kipaji cha Hisabati: wa hoja, wa picha, na wanaochanganya vyote.

Miaka ya 1980, Norma Presmeg wa Afrika Kusini alionyesha kuwa picha inasaidia ila ina mtego wake. Ukichora shamba hilo kama mraba, ni rahisi kusahau kwamba pande hazilingani.

Asibandikwe jina
Mwaka 2008, Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtoto kwa "mtindo wake" kunamfanya aelewe zaidi.

Kikwazo cha lugha
Kagera kuna jambo jingine. Wengi huongea Kihaya nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule za msingi za serikali, kisha kidato cha kwanza Hisabati inakuja kwa Kiingereza. "Mzingo" unageuka "perimeter". Anayeitwa mzito wa hesabu huenda hesabu anaiweza, ila sentensi ndiyo imempita.

Afanyiwe nini?
Kabla ya kumkatia tamaa, mzazi au mwalimu amwombe mambo matatu: achore swali, alieleze kwa lugha anayoiweza, kisha aandike mlinganyo kwa Kiingereza, maana mtihani wa kidato cha nne unataka hivyo. Akikwama hatua ya kwanza, tatizo linaweza kuwa Hisabati yenyewe au hajaelewa swali. Asomewe upya kwa Kiswahili. Akikwama ya mwisho tu, anachohitaji zaidi ni msamiati.