Kamera Iliyopaa kwa Uzi

Mwaka 1906 George Lawrence wa Chicago alipiga picha ya San Francisco kutoka angani, wiki chache baada ya tetemeko na moto kuuangamiza mji huo. Kamera yake, yenye uzito wa zaidi ya kilo 20, ilibebwa na msururu wa tiara hadi kimo cha mita 600 hivi. Sifa anastahili. Lakini anayetaka kuanza kupiga picha kwa tiara na kamera ya bei nafuu, mwalimu wake ni Mfaransa Arthur Batut.

Batut aliishi Labruguière, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1888 alijitengenezea kamera nyepesi, akaifunga kwenye uti wa tiara yenye urefu wa mita 2.5. Sasa nani ataifyatua ikiwa huko juu? Kabla ya kurusha, Batut aliwasha utambi unaoungua polepole. Moto ulipoukata uzi uliozuia kifuniko cha lenzi, kifuniko kilifyatuka, na papo hapo ukanda wa karatasi ukaachiwa. Akiuona ukanda huo kutoka chini, alijua picha imepatikana, akaanza kuivuta tiara. Ni picha moja tu kwa kila mrusho! Aliongeza hata kifaa cha kurekodi kimo, ili picha zifae kwa upimaji wa ardhi. Mwaka 1890 alichapisha kitabu na kuyaeleza yote hayo waziwazi.

Wapo wanaodai kwamba Mwingereza Douglas Archibald, mtaalamu wa hali ya hewa, alimtangulia. Huenda. Lakini aliyewafungulia wengine njia ndiye wa kukumbukwa kwanza, na hapo Batut hana mpinzani.

Waliomfuata waliitoa kamera kwenye tiara na kuitundika kwenye uzi. Mwaka 1912 Pierre Picavet alieleza mtindo wa msalaba wenye kamba, unaoituliza kamera uzi unapoyumba. Hadi leo unatumika. Miaka hiyohiyo Henry Wellcome alipiga picha kwa tiara huko Jebel Moya, Sudan, alikokuwa akichimbua mambo ya kale. Kisha ndege zikaichukua kazi hiyo.

Hata hivyo tiara haikusahaulika. Mwaka 2010, mafuta yalipovuja Ghuba ya Mexico, wakazi wa Louisiana na wanaharakati waliinua kamera ndogo za dijitali kwa maputo na tiara, wakachora ramani ya pwani yao wenyewe. Kinga ya kamera ilikuwa chupa ya plastiki iliyokatwa.

Inasikitisha kwamba kwetu picha ya angani sasa inadhaniwa ni ya mwenye droni na kibali chake, ilhali watoto wa pwani hurusha tiara kila msimu wa upepo. Walimu wa jiografia, anzeni. Tafuteni tiara kubwa iliyo imara na uzi madhubuti, na kamera kuukuu inayoweza kujipiga yenyewe kila baada ya sekunde chache. Kwanza pandisheni chupa ya maji yenye uzito sawa na kamera. Ikitulia hewani, ndipo muifunge kamera, pamoja na kamba ya pili ya usalama. Vaeni glovu, maana uzi hukata mikono. Kaeni mbali na nyaya za umeme, barabara na viwanja vya ndege, na msipige picha nyumba za watu bila ridhaa yao.