Kibao Chenye Tundu

Ukiingia leo kwenye njia za baiskeli za Uholanzi, au za kaskazini mwa Ubelgiji, huhitaji ramani wala simu ikusemeshe njiani. Unaongozwa na kibao kidogo chenye namba. Unafika njia panda, unakuta namba, tuseme 34, na chini yake mishale: huku 35, kule 61. Unatupia jicho karatasi uliyobandika kwenye usukani, unaona namba inayofuata, unakata kona, basi. Mlima hakuna. Pembeni kuna mfereji, ng'ombe, mierebi iliyopangwa mstari, na upepo ambao siku zote unavuma kutoka kule unakokwenda. Watu huzunguka namna hiyo kilomita thelathini, arobaini, wakanywa kahawa mahali, wakarudi nyumbani. Hawakwenda popote.

Hilo la kutokwenda popote ndilo ninalotaka tulitazame. Kwetu mtu akipita na baiskeli huulizwa aendako, na jibu huwa lipo: mashineni, sokoni, kwa fundi. Bodaboda zenyewe zilianza kwa baiskeli, kule Busia, kuvusha watu na mizigo mpakani. Ukijibu "nazunguka tu" utaonekana una lako jambo. Ndiyo maana tukiwaona Waholanzi wanavyotembeza baiskeli kwa raha zao ni rahisi kusema hao ndio walivyo, wamezaliwa hivyo. Sivyo. Ruhusa ya kuzunguka bila shughuli ilikuwa na bei kwao, na kwa miaka kadhaa bei hiyo ilipigwa chapa kwenye kipande cha shaba.

Lakini kwanza ardhi yenyewe, maana nayo haikuzaliwa tambarare kwa ajili ya watalii. Karibu robo ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilikuwa ziwa. Likakaushwa kwa mashine za upepo mwaka 1612, na barabara zake zikachorwa zimenyooka kama mistari ya daftari la hesabu. Kinderdijk, ambako wageni hupiga picha mashine 19 za upepo, hizo mashine zilikuwa pampu za maji, hazikujengwa kwa ajili ya picha. Anayepita juu ya tuta na baiskeli huko anapita juu ya kazi ya watu walioogopa kufa maji. Utambarare huo ulilimwa, ukachimbwa, ukapigwa pampu, na hadi leo pampu zikizimwa maji yatarudi.

Baiskeli zilipofika, katika miaka ya 1880, zilikuwa mali ya wenye nacho. Mwaka 1883 waendesha baiskeli waliunda chama chao, ambacho miaka miwili baadaye kikaitwa ANWB, jina ambalo kila Mholanzi analijua. Mwaka 1885 Utrecht ilipata njia ya baiskeli kwenye barabara ya Maliebaan, inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo. Mwaka huohuo chama kikaanzisha jarida, De Kampioen, ambalo bado linachapishwa. Sisi wapenzi wa maandishi tusilipite hilo haraka: matembezi haya ya starehe yalianza pia kama jambo la kusoma. Mtu alikuwa anasoma habari za njia kabla hajaikanyaga.

Mwaka 1894 ANWB ikaanza kusimika vibao vya kuonyesha njia. Halafu, kuanzia miaka ya 1910, kukazuka vyama vidogo vya njia za baiskeli sehemu mbalimbali. Hivi nina mapenzi navyo. Watu wa eneo fulani walilipa ada, wakaomba ruhusa kwa wenye ardhi, wakatengeneza kijia chembamba kupita msituni au kwenye nyika ya vichaka vifupi, sehemu nyingine kwa makombe ya baharini yaliyosagwa. Njia hizo hazikuwapeleka watu kazini. Zilitengenezwa kwa sababu kulikuwa kuzuri.

Mwaka 1919 kikaja kibao cha aina yake, kilichobuniwa na msanifu majengo J.H.W. Leliman: kijiwe cha saruji kifupi chenye umbo la uyoga, kila kimoja na namba yake. Kiko chini chini, karibu na magoti. Mtu wa gari anakipita bila kukiona. Ili ukisome lazima upunguze mwendo, pengine ushuke kabisa uiname. Mimi sijui alama nyingine ya barabarani inayomtaka msafiri ainame.

Sasa tuje kwenye kipande cha shaba.

Kufikia miaka ya 1920 baiskeli Uholanzi haikuwa tena kitu cha mabwana. Kibarua alikuwa nayo, mtumishi wa nyumbani alikuwa nayo, mchungaji alikuwa nayo. Serikali ikaona kile ambacho serikali zote huona mahali penye watu wengi. Mwaka 1924 ikaanzisha kodi ya baiskeli, gilda 3 kwa mwaka, na aliyelipa akapewa kibao kidogo cha shaba cha kufunga kwenye baiskeli yake. Askari akikusimamisha na kibao hakipo, umeingia matatani. Kwa mwenye duka gilda 3 haikuwa kitu. Kwa kibarua zilikuwa pesa.

Ulipokuja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kazi zikapotea, na wasio na kazi hawakuweza kulipa. Bila baiskeli hawakuweza kwenda kutafuta kazi. Serikali ikatoa vibao vya bure. Huruma, utasema. Ila kibao cha bure kilitobolewa tundu katikati, ili askari, jirani, na mtoto yeyote barabarani ajue kwamba anayepita hapa hana kazi. Na mwenye kibao cha tundu hakuruhusiwa kuendesha Jumapili. Kilitolewa kwa ajili ya kutafutia kazi, na Jumapili hakuna kazi ya kutafutwa. Jumapili ilikuwa siku ya matembezi, na matembezi alikuwa nayo aliyelipia.

Nimelifikiria tundu hilo mara nyingi. Lingekuwa suala la mapato, kibao cha bure kingetosha. Kilichokatazwa kilikuwa raha. Mtu asiye na kazi, mwenye siku saba nzima za kukaa bure, ndiye pekee aliyezuiwa kuzunguka bure. Njia ya makombe msituni ipo, baiskeli ipo, jua limetoka, mke na watoto wako tayari, lakini kuna tundu la ukubwa wa kidole linalosema hapana. Ukitaka kujua jamii inamhesabu nani kuwa mtu kamili, usitazame inavyomruhusu kufanya kazi, maana kazi kila mtu anaruhusiwa. Tazama Jumapili yake.

Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1941, na aliyeifuta, kwa kejeli ya historia, ni utawala wa Wajerumani walioikalia nchi. Hawakufuta kwa kupenda baiskeli. Mwezi Juni 1942 Wayahudi waliamriwa kusalimisha baiskeli zao. Aliyesoma shajara ya Anne Frank anakumbuka katazo hilo likiwa ndani ya orodha ndefu ya makatazo mengine. Baadaye Wajerumani wakawapora baiskeli Waholanzi kwa jumla. Na katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, njaa ilipoikaba miji ya magharibi, watu wa mijini walitoka na baiskeli zilizobaki, nyingine hazina mipira, zikikimbia kwa chuma kitupu au kwa vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, kwenda mashambani kubadilisha mashuka na saa kwa viazi. Walipita kwenye nchi ileile tambarare, na matuta yaleyale. Upepo pia ni uleule.

Baada ya vita mambo yalikwenda kama kwingineko: hela zikaja, magari yakaja, baiskeli ikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani Uholanzi, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na wazazi wakaingia mitaani kudai barabara zao. Kisha mafuta yakakatika. Tarehe 4 Novemba 1973 magari yakazuiwa kutembea, na siku iliyochaguliwa ilikuwa, tena, Jumapili. Barabara kuu zikajaa watoto na baiskeli. Miaka arobaini nyuma Jumapili ilimfungia maskini baiskeli yake. Sasa ikamfungia tajiri gari lake. Sisemi ni haki imelipwa, ila nimecheka kidogo.

Hifadhi nazo zina visa vyake, na kimoja hakiachiki. Flevoland ya Kusini ilikaushwa kutoka majini mwaka 1968. Sehemu yake ya chini kabisa ilikusudiwa kuwa eneo la viwanda. Lakini palikuwa na maji maji, viwanda vikachelewa, na wakati wakubwa wakisubiri, matete yakaota na mabata bukini wakaja kwa maelfu. Walipoteremka mara ya kwanza hakuna aliyekuwa amewaalika. Leo panaitwa Oostvaardersplassen, ardhi oevu ya hekta zipatazo 5,600, na reli ya kwenda Lelystad ilibidi ipindishwe ili isiipasue. Mwaka 2006 tai wa bahari mwenye mkia mweupe alitaga humo. Ukizunguka kwa baiskeli pembeni yake unaona kitu kilichotokea kwa sababu watu waliacha kukifanyia kazi mahali fulani kwa miaka michache. Na hilo nalo ni aina ya Jumapili.

Turudi kwenye ile namba 34 tuliyoanza nayo. Haikutoka Uholanzi. Ilitoka ng'ambo ya mpaka, mkoa wa Limburg, Ubelgiji, na ilitoka kwa mtu wa migodi.

Makaa ya mawe yaligunduliwa huko mwaka 1901, kwenye kijiji cha As. Palikuwa na nchi maskini ya mchanga na vichaka. Ikachimbwa migodi saba, wakaletwa Wapolandi, Waitalia, Wagiriki, Waturuki, Wamoroko. (Wasomaji wetu wa Lubumbashi wanaijua Ubelgiji ya migodi kwa upande wao, Union Minière iliundwa mwaka 1906, na Kiswahili cha kule kimekulia kwenye kambi zake.) Hata misitu ya misonobari ambayo wageni wanaisifia sasa, mingi ilipandwa ili kupata nguzo za kushikilia dari za mgodi. Mwaka 1966, mgodi wa Zwartberg ulipotangazwa kufungwa, watu wakaandamana na wawili wakauawa. Mgodi wa mwisho, Zolder, ulifungwa Septemba 1992. Mkoa mzima ukabaki na watu wasio na kazi na milima ya vifusi vyeusi, ambayo ndiyo milima pekee ya maana unayoiona huko.

Hugo Bollen alikuwa mhandisi wa migodi. Alikuwa na tatizo la fedha kuliko la urembo: ukitengeneza njia ya utalii ya mzunguko, kila mzunguko unataka vibao vyake, na mtu akishaumaliza hana sababu ya kurudi. Jawabu lake lilikuwa kuacha kuweka alama kwenye mizunguko na kuziweka kwenye njia panda. Kila njia panda ipewe namba, na kibao kionyeshe tu namba za jirani. Vibao vilevile vinatoa safari zisizohesabika, na kila mtu anajipangia yake. Mtandao ulifunguliwa mwaka 1995, miaka mitatu baada ya Zolder kufungwa, ukakua kufikia kilomita kama 2,000. Uholanzi wakauiga, kisha sehemu za Ujerumani. Nikiutazama mchoro wake naona mtu aliyezoea kufikiri kwa makutano ya njia za chini ya ardhi, ingawa hilo ni jicho langu tu.

Mwaka 2006 ikafunguliwa Hoge Kempen, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Flanders, ya hekta zaidi ya 5,000, pembeni kabisa ya mgodi wa Eisden. Mwaka 2016, huko Bokrijk, wakakata njia ya mita 212 katikati ya bwawa, imezama kiasi kwamba unapopita maji yanakuwa usawa wa macho yako na bata wanakutazama uso kwa uso. Si ya lazima hata kidogo. Kuna njia ya kulizunguka bwawa.

Kwa hiyo siku ya Jumapili, mtoto au mjukuu wa mchimba makaa anaandika namba sita saba kwenye karatasi, anaibandika kwenye usukani, anaondoka. Akifika kwenye namba ya tatu akaona upepo umezidi, anasoma kibao, anachagua namba nyingine ambayo hakuiandika, anageukia huko. Hakuna askari wa kumuuliza kibao chake kiko wapi, wala anakwenda kufanya nini.