Kinu na Suribachi: Majina ya Vyakula Kutoka Bonde la Lukuledi Hadi Japani



1. Utangulizi

Nimezaliwa Lukuledi, wilayani Masasi, mahali ambapo mtu akitaja kinu hakuna anayemwomba aeleze maana yake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni wa wanafunzi wa Kiswahili mjini Osaka. Kiswahili kimefundishwa katika eneo hilo kwa miongo kadhaa, kwanza katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni, ambacho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007. Jioni moja tulipika pamoja. Mwanafunzi mmoja aliniwekea mbele bakuli la udongo lenye mifereji myembamba kwa ndani, pamoja na mchi mfupi wa mti. Bakuli hilo huitwa suribachi, na mchi wake surikogi. Aliniomba nimsaidie kusaga ufuta, nami nikasaga. Kisha akauliza: “Mwalimu, kwenu kazi hii huitwaje?” Nikamjibu kwa Kiswahili. Akasema kwa adabu: “Samahani, Mwalimu. Nilitaka neno la bibi yako.”

Nilinyamaza. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kila siku utotoni, lakini halikunijia.

Mhadhara huu umetokana na ukimya huo. Hoja yangu ni kwamba jina la chakula ni hati ya historia: hutueleza chakula kilitumikaje, au kilipita njia gani hadi kutufikia. Hati hiyo haikai katika makumbusho. Hukaa jikoni, na jiko linapobadilika, hupotea bila kilio.

2. Ufuta na goma

Tuanze na ufuta wenyewe. Mikoa ya Lindi na Mtwara ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza kwa zao hili nchini, na Japani, ambayo huagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 99 ya ufuta wake, imekuwa mmoja wa wanunuzi wa ufuta wa Tanzania. Basi huenda punje nilizosaga Osaka zilinitangulia kusafiri kutoka kusini mwetu.

Katika Kiswahili, ufuta, mfuta na mafuta ni maneno ya mzizi mmoja, yaliyotenganishwa na viambishi vya ngeli tu. Aliyeupa mmea huu jina aliangalia faida yake. Neno la Kiarabu, simsim, ambalo hutumiwa na Waswahili wa sehemu nyingine, hunasibishwa na Kiakadi cha Mesopotamia, na huko pia maana yake ya asili ilihusu mafuta ya mmea. Wajapani walikwenda njia nyingine. Neno lao goma huandikwa kwa alama mbili zenye asili ya Kichina: ya kwanza huwataja watu wa kigeni wa magharibi, na ya pili ni katani. Kwao, basi, ufuta ni “katani ya wageni”. Sisi tulilipa zao hili jina la kazi yake; wao walilipa jina la njia lililopita.

3. Wareno, mahindi na viazi

Hata hivyo, si kila mara njia inayotajwa na jina huwa ndiyo njia ya kweli. Mahindi yalitoka Amerika, nasi tuliyapokea kwa njia ya bahari, tukayanasibisha na Uhindi. Wajapani nao huyaita tōmorokoshi, jina ambalo sehemu zake zote mbili zilikuwa majina ya Uchina. Zao moja limepewa nchi mbili, na zote si kwao. Hali kadhalika kiazi kitamu: Wajapani wengi hukiita satsumaimo, yaani kiazi cha Satsuma, jimbo la kusini, lakini wenyeji wa kusini hukiita karaimo, kiazi cha Uchina. Kila mtu hutaja mlango wa jirani aliyempa.

Mabaharia wa Kireno waligusa pande zote mbili. Walifika Malindi mwaka 1498, na kisiwa cha Tanegashima, Japani, mwaka 1543. Kiswahili kilichukua kwao meza na leso; Kijapani kikachukua pan, yaani mkate, na wanaisimu wengi hulihusisha pia neno tempura na Kireno. Huku kwetu kusini alama yao kubwa ni mkorosho, mti uliotoka Brazili. Jina lake jingine, mkanju, limetokana na caju la Kireno, ambalo Wareno nao walilitoa katika lugha za Kitupi. Mtu wa Newala anayesema mkanju hutamka, bila kujua, neno la wenyeji wa Amerika ya Kusini.

4. Kutwanga na kusaga

Nomino husafiri pamoja na bidhaa, lakini vitenzi hubaki na mikono. Kiswahili hutofautisha kutwanga, kwa kuinua mchi na kuushusha kinuni, na kusaga, kwa kusugua jiwe juu ya jiwe. Kijapani nacho hutofautisha tsuku, kitenzi cha kutwanga wali wa kunata kwa ajili ya mochi, na suru, kitenzi cha kusaga ufuta. Lugha hizi hazina undugu wowote. Kazi ndiyo iliyozifundisha somo moja.

Aidha, kazi huzaa misemo. Sisi husema mtu anatwanga maji kinuni anapojisumbua bure. Wajapani husema mtu “anasaga ufuta” anapojipendekeza kwa mkubwa wake. Maelezo ya kawaida ni kwamba ufuta uliosagwa hunata kila upande wa bakuli. Mtoto asiyekiona kinu ataurithi msemo kama ganda lisilo na kokwa.

5. Nani ameandika?

Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alipita bonde la Lukuledi kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akapanda Newala, akinasa sauti za wenyeji kwa fonografu. Mwaka 2005 Peter Kraal alitoa sarufi ya Kimakonde cha Chinnima huko Leiden. Mwaka 2006, miaka 100 baada ya Weule, msamiati wa Kimatengo wa Mbinga uliokusanywa na Nobuko Yoneda ulichapwa Tokyo. Wote tunawashukuru. Nasi hatukukaa bure: Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulianza mwaka 2001, na Atlasi ya Lugha za Tanzania ikatoka mwaka 2009. Lakini orodha ya maneno haitoshi kama haielezi makopa hukaushwaje, ming'oko huchimbwa wapi, au mabibo hukamuliwaje. Kazi hiyo humfaa zaidi mtu aliyelelewa jikoni humo.

6. Hitimisho

Niliporudi Lukuledi nilimwuliza shangazi yangu neno lile. Alilitamka papo hapo, huku akichambua mbaazi, akaongeza mengine matatu ambayo sikuwahi kuyajua. Wajukuu zake waliokuwa kando walicheka, kwani hawakupata kuyasikia. Unga wao hutoka mashineni.

Sisemi turudi kwenye kinu. Mashine imewapunguzia mama zetu mzigo mzito, na hakuna haja ya kuulilia. Nasema tu kwamba mashine haikuja na maneno ya kufidia yale iliyoyaondoa. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mlio hapa: likizo ijayo, kabla ya kutafuta nadharia, kaeni jikoni na bibi zenu. Andikeni kitenzi pamoja na mkono unaokitenda, chombo pamoja na mti uliokichonga. Siku mgeni atakapowauliza neno la bibi, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.