Bwana Msa na Kiko cha Sherlock Holmes

Mara nyingi waandishi chipukizi huuliza kama ni halali kujifunza kwa kazi ya mwingine, au kufanya hivyo ni wizi tu uliovishwa nguo safi. Badala ya kuwajibu kwa nasaha, ni bora kumtazama mtu mmoja wa Makunduchi, Unguja.

Muhammad Said Abdulla alizaliwa huko mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa takriban miaka kumi, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Alipeleka hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikashika nafasi ya kwanza. Ilichapishwa kitabu mwaka 1960.

Aliyekwisha kumsoma Arthur Conan Doyle hakuhitaji kuambiwa Bwana Msa ametoka wapi. Ana kiko mdomoni, ana utulivu unaowaudhi wenzake, na ana Najum, rafiki wa kufuatana naye kama Watson anavyofuatana na Sherlock Holmes. Wahakiki wameueleza ukaribu huo mara nyingi, wengine kwa sauti ya lawama.

Lakini kiko ni kitu cha juu juu. Mtu yeyote angeweza kukiazima. Alichokichukua Abdulla kwa ndani ni kazi anayoifanya rafiki yule. Mpelelezi akisimulia mwenyewe, hana budi kutuambia anachokiwaza, na fumbo linakwisha ukurasa wa pili. Akiwekwa kando yake mtu mwema asiyeona mbali, msomaji huona kila dalili anayoiona mpelelezi, ila maana yake haijui. Hivyo hakudanganywa, na bado anashangaa mwishoni. Ujanja huu haufundishiki kwa kanuni; hugunduliwa na mtu anayeisoma hadithi mara ya pili, akijua tayari nani muuaji, akatafuta ni wapi mwandishi alimpitisha mbele ya macho yake.

Doyle naye alijifunza hivyo hivyo. Holmes alitokea mwaka 1887, lakini Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa amemtoa Dupin, na rafiki msimulizi wa kando yake, tangu 1841. Doyle hakulificha deni hilo.

Abdulla hakuihamishia London Unguja. Holmes husoma matope ya viatu na majivu ya sigara. Mafumbo ya Bwana Msa aghalabu huishia katika nasaba: nani mtoto wa nani, ndoa gani ilifichwa, jina lipi lilibadilishwa. Katika kisiwa ambacho watu huulizana ukoo kabla ya kuulizana kazi, hapo ndipo siri hukaa. Na katika kitabu kile cha kwanza aliuweka mzimu, ambao wanakijiji wanauogopa na Bwana Msa hauogopi. Hofu ile haikuazimwa Uingereza. Mimi naona kwamba bila ya nasaba na mzimu, lawama ya wahakiki ingekuwa ya haki kabisa.

Tuseme pia kwamba mafunzo yake hayakuwa ya vitabu peke yake. Mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Mtu anayehariri habari za mbolea na mahindi kwa miaka kumi huzoea kukata maneno yasiyo na kazi.

Mwaka huo wa kustaafu kilitoka Kisima cha Giningi. Vikafuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine. Mwaka 1984, miaka saba kabla ya kufariki kwake, kikatoka Kosa la Bwana Msa. Tayari jina lenyewe lilikuwa limemweka mpelelezi yule asiyeshindwa upande mmoja na kosa.