Farasi Wazee wa Cairo, 1918–1934

Kwa karne nyingi, siku ya kufa kwa farasi mzee ilipangwa kwa hesabu ya kazi. Aliyeweza kuvuta aliendelea kuvuta, na aliyeshindwa aliuzwa kwa bei ya ngozi na mifupa. Maumivu ya mnyama mwenyewe hayakuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo. Yalipata nafasi hiyo Cairo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mkasa wenyewe ulianzia kwenye Vita Kuu ya Kwanza.

Majeshi ya Uingereza, Australia na New Zealand yalipigana na Waturuki kutoka Sinai hadi Palestina na Siria juu ya migongo ya farasi. Tarehe 31 Oktoba 1917, jua likielekea kuzama, wapanda farasi wa Australia waliivamia Beersheba, mji ambao visima vyake vilihitajika kwa vyovyote vile, kwa kuwa wanyama wengi walikuwa wameshinda na kiu kwa zaidi ya siku nzima. Mwaka mmoja baadaye Damascus ilianguka, na tarehe 30 Oktoba 1918 Waturuki wakatia saini kusitisha mapigano. Askari walianza kungoja meli za kuwarudisha makwao. Farasi hawakungojewa na meli yoyote: nauli yao ilikuwa kubwa mno, na Australia ilihofia magonjwa ambayo wangeweza kuingiza kwenye mifugo yake. Kati ya farasi wote wa Australia waliopelekwa vitani ng'ambo, aliyerudi nyumbani ni mmoja tu, Sandy, farasi wa Meja Jenerali William Bridges aliyekufa kwa jeraha la Gallipoli mwaka 1915. Mwaka 1923, Sandy alipokuwa amedhoofika na macho yakimpotea, aliuawa ili asiteseke zaidi.

Waliobaki Mashariki ya Kati walipangwa kwa umri na afya. Wenye nguvu walihamishiwa vikosi vingine, vikiwemo vya India. Wazee sana na wagonjwa walipigwa risasi. Wengine, ambao kwa jumla wanakadiriwa kuwa takriban 20,000, waliuzwa Misri. Wapo askari walioona heri farasi wao afe mikononi mwao kuliko kuuzwa, na yaliyofuata yalionyesha kwamba hawakukosea. Kuuza kulionekana kuwa upole kwa sababu hakukuwa na damu, lakini kwa kweli kuliahirisha tu uamuzi, na mzigo wa kuuahirisha ulibebwa na farasi.

Mjini Cairo walivuta mikokoteni ya mawe, mchanga na chokaa juani, mwaka baada ya mwaka. Wengi wa wenye mikokoteni walikuwa maskini ambao riziki ya siku ilitegemea mnyama mmoja. Mtu wa namna hiyo, hata kama aliona kwamba farasi wake amechoka kabisa, hakuwa na njia ya kumpumzisha: siku farasi asipotoka, nyumbani hakuliwi. Ni kosa kuyasoma mateso ya farasi hao kama ukatili wa Wamisri. Aliyewauza alijua anawauza kwa nani na kwa kazi gani.

Mwaka 1930 aliwasili Cairo Dorothy Brooke, Mwingereza, mke wa Brigedia Geoffrey Brooke wa kikosi cha wapanda farasi. Alianza kuwatafuta farasi wa vita mitaani, akiwatambua kwa alama ya mshale ya jeshi la Uingereza iliyochomwa kwenye ngozi. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu vita viishe, na farasi hawakuwa wachanga walipokuwa vitani, hivyo wengi walikuwa wamevuka umri wa miaka 20. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, akieleza hali yao na kuomba fedha. Wasomaji walichanga, na kamati aliyoiunda ikaanza kununua farasi hao. Kufikia 1934 ilikuwa imenunua farasi wapatao 5,000.

Wengi wao walinunuliwa ili wauawe. Walipewa siku chache za kivuli, maji, chakula cha kutosha na matandiko laini, kisha risasi. Anayeona ajabu kwamba mtu anunue mnyama ili amuue atazame mwili wa farasi aliyezeeka kazini. Meno ya kusagia yakiisha, nyasi humtoka mdomoni zikiwa hazijatafunwa, na hukonda hata mbele ya chakula kingi. Viungo vikikakamaa, huogopa kulala chini kwa kuwa hawezi kuinuka. Na akianguka akakaa chini muda mrefu, uzito wake mwenyewe huiumiza misuli na kubana mapafu. Kwato zikiwa na uvimbe wa ndani uliokomaa, kila hatua ni maumivu, na farasi hana jinsi ya kutembea bila kukanyaga. Mapumziko hayawezi kurudisha jino wala kiungo. Risasi inayopigwa mahali panapofaa, pale mistari miwili kutoka kila jicho hadi sikio la upande wa pili inapokutana, humwondolea fahamu papo hapo.

Jambo ambalo Brooke alilielewa vizuri kuliko wahisani wengi wa zama zake ni bei. Kumnyang'anya maskini farasi wake kwa jina la huruma kungeitia njaa familia, naye angetafuta mnyama mwingine dhaifu wa bei ya chini. Kwa hiyo fedha za michango zilikwenda kwa wenye farasi, na uamuzi ukatoka mikononi mwa mtu ambaye umaskini haukumwachia hiari yoyote.

Mwaka 1934 Brooke alianzisha mjini Cairo hospitali ya kudumu kwa kumbukumbu ya farasi wa vita, ikitibu bure farasi na punda wa maskini. Yeye alifariki mwaka 1955. Hospitali iliendelea kutibu waliotibika, na kwa miaka mingi ikanunua wasiotibika kutoka kwa wenyewe ili wasirudishwe tena kwenye mkokoteni. Shirika lililotokana nayo, linalobeba jina la Brooke, leo linafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kati, na nchini Kenya wanyama wake wengi ni punda.